Zenzi na Mdomo wa Wifi Yake

Zenzi wa shamba la Innerhof alipofuka akiwa darasa la tatu. Homa ilimpanda kichwani, ikaondoka na macho yote mawili. Mama yake alimwashia Mtakatifu Otilia, msimamizi wa macho, mishumaa mpaka ukuta wa kikanisa ukawa mweusi kama jiko, na mtakatifu akanyamaza kama mtu aliyekwenda likizo. Mwishowe mama akamwambia padri waziwazi kwamba huyo Otilia naye akapimwe macho. Padri Engelbert alimpa malipizi ya rozari nzima, lakini mtunza sakristia alimsikia akicheka peke yake.

Kule bonde la Ulten, milimani Tiroli, mtoto asiyeteleza kwenye theluji huhesabiwa mgonjwa kuliko mtoto asiyeona. Kwa hiyo baba yake, mzee Sepp, alijifunga kengele ya mbuzi nyuma ya kiuno, akavaa mbao zake za kutelezea, akateremka mbele, na binti akafuata mlio. Vijana wa baa wakamwita beberu wa Innerhof. Sepp akawajibu kwamba yeye angalau anafuatwa, wao hata mbwa wao hawawafuati. Zenzi alianguka, akaingia kwenye rundo la samadi, akaugonga msonobari mmoja mara nyingi hata akawa anausalimia. Lakini alipofikia umri wa kuolewa, hapakuwa na msichana mwenye macho bondeni mle wa kumpita.

Magoti ya Sepp yalichoka mwaka uleule ambao Luis, kaka yake Zenzi, alimwoa Burgl.

Burgl alikuwa na mdomo. Aliongea akikamua, aliongea akitafuna, na Jumamosi ya maungamo foleni ikifika mlangoni watu walijua ni nani yumo ndani. Mama mkwe alisali novena ili bi harusi apate japo mafua. Zenzi peke yake alikaa akamsikiliza, kisha akasema, "Huyu ndiye ninayemtaka."

Maana mashindanoni mteleza kipofu hutanguliwa na kiongozi, naye huifuata sauti yake katika redio iliyo ndani ya kofia ngumu. Viongozi wengine husema kulia, kushoto, barafu, basi. Burgl alisema hayo na mengineyo: hapa mteremko mkali kama shangazi Rosl, sasa kulia, kulia tena, halafu yule refa ana pua gani ile. Kwa sauti ile isiyokatika Zenzi alijua umbali, alijua mwendo, alijua mlima unapojikunja. Wakatembea Austria, Ufaransa, mpaka Kanada, wakarudi na medali ambazo zilitundikwa jikoni kando ya soseji. Medali hupewa wote wawili, na Burgl hakumruhusu mtu kulisahau hilo.

Basi ikaja Septemba ya ugomvi. Huko, ng'ombe wanaposhushwa kutoka malisho ya juu huvikwa mataji ya maua, ila tu kama hakuna aliyekufa kiangazi hicho. Akifa mmoja, wote hushuka vichwa vitupu, kama watu wa msiba. Na Agosti ile mtamba mmoja, Fleckl, alikuwa ametumbukia korongoni. Lakini Burgl alikwisha kusuka mataji, na nyumba ya wageni ilijaa watu wa kamera. Akatangaza kwamba Fleckl ameuzwa, na ng'ombe wakashuka wamepambwa kama maharusi.

Zenzi alisimama mbele ya kanisa akisikiliza kengele zikipita. Akasema kengele ya Fleckl haisikiki. Burgl akamwambia kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba ameuzwa.

"Ameuzwa? Mbona Luis alimlilia zizini juzi kama anazika?"

Kisha mzee mmoja akavua kofia mbele ya yale mataji, kama jeneza linapita, na kijiji kizima kikaangua kicheko.

Tangu siku hiyo Burgl hakumsemesha wifi yake. Walikula meza moja, na Burgl akawa anamtuma Luis amwambie dada yake kwamba chumvi iko pale pale.

Januari kukawa na mashindano ya kuchagua timu ya kwenda ubingwa wa dunia. Chama cha mchezo kilikwisha kumwambia Zenzi kwamba umri umekwenda: asipokuwa katika watatu wa kwanza, nafasi yake itapewa binti mdogo. Kumfundisha kiongozi mwingine hakukuwa na muda. Burgl alikwenda, ila kwa sababu jina lake nalo lilikuwa kwenye orodha. Mteremko wa kwanza alisema kulia, kushoto, kulia, na kati ya maneno hayo hakukuwa na kitu. Zenzi alishuka kama bibi kwenye ngazi yenye utelezi. Akawa wa saba.

Juu, wakingoja mteremko wa pili, alifikiri kuomba radhi. Lakini alimjua wifi yake: angeitikia kwa kichwa, na kichwa hakisikiki redioni.

"Wifi," akasema, "yale mataji yako, hata Fleckl angekuwa hai angejirusha mwenyewe asiyavae."

Burgl akakaza buti zake.

"Na madonge yako ya ini Luis huwapa nguruwe. Nguruwe humrudishia."

Bendera ikashuka, na Burgl akafunguka kama bwawa.

"Nguruwe? Miaka yote nakulisheni, kulia, kulia, mshenzi wee, barafu hapo, mama yako hata maji hajui kuchemsha, kushoto, jikunje."

Zenzi akaachia mbao. Upepo ukamkata mashavu. Sauti ilikuwa mbele yake, nene, haikatiki, akaifuata kama kamba.

"Na lango la malisho, siku ile ya Fleckl, nililiacha wazi mimi. Kulia. Mimi, si Luis. Kushoto, ndefu hii, lala. Ningeshukaje na ng'ombe vichwa vitupu, watu waulize lango aliliacha nani? Kulia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe? Na mdomo wako huo?"

Wakavuka mstari. Walikuwa wa tatu. Burgl alikuwa bado hajamaliza. Aliendelea alipokuwa akimkumbatia, akaendelea alipokuwa akimfuta theluji na machozi kwa glovu moja, akaendelea mbele ya refa mwenye kukagua mbao. Zenzi akapapasa kofia yake, akaizima redio. Bado alimsikia vizuri.