Siku Tulipomsukuma Swaibu kwa Kafi

Ilikuwa mwaka 2021. Hapana, nimekosea. Mwaka 2021 ziwa lilipanda likaingia mpaka mabandani, na Swaibu alikuwa bado anabeba batri mbili kwa mpigo, moja kila mkono. Hii ninayoieleza ni ya 2023, baada ya mfungo.

Swaibu alikuwa akichaji batri za taa za maboti ya dagaa hapa mwaloni Ujiji. Mimi nashona nyavu karibu na banda lake, siku nyingine sishoni, naketi tu. Alitufundisha sote jambo moja: mtu akinaswa na umeme asishikwe, chukua mti mkavu umsukume. Hamdani, nahodha, aliwahi kunaswa na waya wa jenereta, Swaibu akambandua kwa kafi. Tangu hapo kafi moja kavu ilikaa bandani, haikuingia majini tena.

Kisha moyo wa Swaibu ukaharibika. Miguu ikavimba, usiku akawa analala ameketi. Watu wakasema amelishwa kitu, wakamtaja na aliyemlisha, jina hilo silirudii. Mkewe Kuruthumu hakuwasikiliza, akampandisha treni mpaka Dar es Salaam. Huko wakaambiwa nyama ya moyo imetanuka na kulegea, pande zake hazipigi pamoja tena. Akawekewa kimashine chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto, nyaya zake zikaingizwa moyoni.

Alirudi anatembea. Akafungua vifungo vya shati tukaona kivimbe, kama kiberiti kimefichwa pale.

"Mzee Saad, mwenzio sasa nina batri yangu mwenyewe."

"Anaichaji nani?"

"Haichajiwi, inakaa miaka. Inaupigisha moyo pamoja. Na moyo ukianza kukimbia ovyo, inaupiga shoti."

"Basi tukae mbali nawe," Hamdani akasema, "usije ukatuunguza."

Tukacheka, na Swaibu akacheka. Hakuna aliyeuliza zaidi. Yeye aliambiwa asisogeze kifua kwenye jenereta, kazi akamwachia mdogo wake, akawa anakuja kunywa kahawa tu.

Siku yenyewe maboti yalikuwa yamepandishwa mchangani kwa ajili ya mbalamwezi, maana dagaa hawafuati taa mwezi ukiwaka. Saa nne asubuhi, Swaibu anatusimulia habari za treni, kikombe kikamruka mkononi. Alishtuka mwili mzima, kama amepigwa teke la kifua na mtu ambaye hatumwoni. Akasema "Eh," basi. Batri yake ikampiga tena, akaanguka.

Mimi ndiye niliyesema, "Msimguse, ana umeme."

Tulikuwa watu wazima kumi au zaidi, tukarudi nyuma. Hamdani akakimbilia ile kafi kavu, akaipitisha chini ya kwapa la Swaibu, akamsukuma taratibu, kwa adabu kabisa. Kumtoa wapi kumpeleka wapi, sijui. Waya haukuwepo.

Swaibu alikuwa amefumbua macho, anatutazama mmoja mmoja.

"Nishikeni," akasema.

Hatukumshika.

"Nishikeni, jamani."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake.

Kuruthumu akaja mbio kutoka nyumbani, mikono imejaa unga. Hamdani akamzuia kwa kafi. "Shemeji, atakurusha." Kuruthumu aliisogeza ile kafi kama mtu anayesogeza pazia, akaketi mchangani, akampakata mumewe. Sisi tukasimama tunangoja arushwe. Ikampiga Swaibu mara ya tatu akiwa mapajani mwake, naye Kuruthumu akatikisika kidogo tu, kama mama aliyempakata mtoto mwenye kwikwi.

Tukampakia kwenye bajaji. Hospitali daktari akatuambia moyo ulikuwa umekwenda mbio za kufa, na kimashine ndicho kilichomrudisha. Nikamuuliza juu ya kumshika. Akasema kumshika hakumdhuru mtu, mngemshika tu. Alilisema kama jambo dogo, huku anaandika. Mimi nikatafuta benchi, nikaketi.

Swaibu yupo, anatumia dawa zake, kahawa anakunywa kikombe kimoja. Hamdani aliitupa ile kafi ziwani jioni ile ile, na maneno hatukuyagusa tena.

Ila mimi nilikwenda kwao. Kuruthumu alikuwa anachambua mchele, Swaibu ameketi kando. Niliuliza swali moja, na mwezi uliofuata nikaliuliza tena. Yeye akaendelea na mchele wake, mumewe akatazama ziwa. Mama, siku ile ulipoisogeza kafi, ulikuwa unajua kwamba hutarushwa?