Shamba Lililokosa Mwenyewe

Nakumbuka tulivyosimama shambani siku ile, na wote waliokuwapo nawakumbuka: mzungu mpimaji na mnyororo wake wa kupimia ardhi, akida aliyemtafsiria, mdogo wangu Zena, kitinda mimba wetu Shomari, na mimi, mkubwa wao. Wazazi walikuwa wamekufa. Nilikuwa nimeacha shule ili niwalimie wadogo zangu.

Mwanangu, shamba lile lilikuwa hapa Morogoro, karibu na stesheni. Reli ilipofika, Mjerumani alitoa amri: ndani ya vigingi vyake zijengwe nyumba za mawe na maduka tu, mahindi na vibanda vya nyasi viondoke. Mwenye shamba angepewa kiwanja ng'ambo ya mto.

Akida akaniuliza, "Wewe, shamba la nani hili?"

Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Kijana kusema "langu" ulikuwa utovu wa adabu. Nikajibu, "La mjomba."

"Yuko wapi huyo mjomba?"

"Mlimani."

"Basi kiwanja atapewa na nyani." Akacheka peke yake.

Zena akanivuta nguo. "Kaka, mwambie ni letu. Mimi si nipo hapa?"

"Nyamaza, wakubwa wanaongea."

Akida akamwambia mpimaji kwamba shamba halina mwenyewe. Kigingi kikapigwa katikati ya mahindi yetu.

Nilipanda mlimani nikitarajia kusifiwa. Mjomba alinisikiliza huku akimenya mihogo, kisha akaweka kisu chini.

"Nilikuacha pale ulinde shamba la dada yako Zena, maana watakaolirithi ni wanawe," akasema. "Wewe ukaenda kulinda heshima yangu. Nani alikuwa ameigusa?"

Tuliteremka pamoja hadi kwa akida. Viwanja vilikuwa vimekwisha gawiwa. Zena aliolewa, akazaa, akazeekea katika chumba cha kupanga, na hakunilaumu hata mara moja. Laiti angenilaumu.

Mwanangu, mji unapokua, matumizi ya ardhi hubadilika na sheria mpya huja nayo, wala haiulizi mila zenu. Anayekuja na vigingi mweleze waziwazi nani anakaa hapo na nani analima. Na mdogo wako akikuvuta nguo, msikilize kabla hujajibu. Mungu akujalie mahali pa kulala wanao, na ulimi wa kupatetea.

Mimi nimezeeka, na wana wa Zena bado nina deni lao: kiwanja kimoja, ng'ambo ya mto.