Eskoti ya Ndege ya Roma

Nimekata tiketi za basi hapa Garsen miaka kumi na miwili, na sijawahi kuulizwa safari nikasema sijui. Hiyo ndiyo iliyoniponza juzi.

Mama Komora, anayeuza ndizi mbele ya ofisi yetu, alinijia na wasiwasi. "Binti yangu anapanda ndege sasa hivi, Paris kwenda Roma. Atafika lini? Sili mpaka afike."

Nikatazama simu: kama kilomita elfu moja na mia moja. Rahisi! Nikapiga hesabu ya basi la Lamu: vizuizi vya polisi, chai, pancha moja, na kusubiri eskoti, ule msafara wa askari wa kulinda mabasi njiani.

"Kesho alfajiri, eskoti ikiwahi," nikatamka kama rubani.

Maskini, wali wake wa mchana akampa jirani.

Kabla ya alasiri simu yake ikalia. Akaweka spika.

"Mama, nimeshafika Roma! Tumekaa angani kama masaa mawili tu."

"Mawili? Na eskoti je?"

"Eskoti gani, mama? Ndege iko juu! Nani kakuambia hayo?"

Mama Komora akanisogezea simu mdomoni.

"Haya, mjuzi. Mjibu."