Jino la Papa la Hafidha

Hafidha huchokoa pweza kwenye miamba ya Mbegani. Akikuta kisukuku, kiumbe wa kale aliyegeuka jiwe, hukipiga picha na kuwatumia wenzake wa mtandaoni. Zamani waliotaka kujua mawe walikuja barazani kwangu, wakanywa kahawa, wakasikiliza. Siku hizi anasifiwa yeye, tena na watu asiowajua hata kwa sura.

Jana alipita na simu yake.

“Shikamoo, babu. Jino langu la papa limependwa mpaka Ulaya!”

“Marahaba. Langu kubwa zaidi.” Nikalitoa kwenye bao, nilikolifanya kete miaka yote.

“Ala! Kumbe unalo, umenyamaza! Liweke chini nilipige picha. Natia sarafu pembeni, waone ukubwa wake.”

“Sarafu yako rudisha mfukoni,” nikamwambia. “Watapimia kiganja changu.”