Kitovu cha Dada Somoe

Juzi jirani yangu hapa Chikongola alikuwa akikaanga mpunga mchanga wa kutwangia pepeta, ule mchele bapa wa mavuno mapya. Harufu ikaingia dirishani, nikaacha kufua nikakaa chini. Nyumba yetu ya kijijini Kitaya ilinukia hivyo kila msimu wa mavuno, nami siwezi kuinusa bila kumkumbuka dada yangu Somoe.

Mashamba yetu yalikuwa ng'ambo ya mto Ruvuma, mpakani. Msidhani tulihama! Watu wa kwetu walilima huko tangu enzi za mababu, wakivuka kwa mtumbwi na majembe yao, na kazi ikizidi walilala huko huko vibandani. Dada alizaliwa katika kibanda kimojawapo. Kitovu chake kilipodondoka, mama alikizika kando ya jaruba la mpunga, na jambo hilo alijivunia mno. Kwetu, kitovu cha mtoto kikizikwa shambani, hakuna wa kukuuliza shamba ni la nani.

Nilikuwa darasa la tatu walipokuja waandikishaji wa vitambulisho vya taifa. Dada alikuwa amemaliza kidato cha nne, akili yake yote ipo kwenye uuguzi, na bila kitambulisho asingeajiriwa popote. Siku hiyo alivaa gauni la Idi. Afisa, kijana mgeni kutoka bara, akamuuliza alikozaliwa. Kabla hajajibu, mama akamuwahi kwa bashasha.

"Huyu kitovu chake kipo ng'ambo, mwanangu. Nimekizika kwa mkono wangu huu!"

Kalamu ikasimama. "Ng'ambo wapi, mama? Msumbiji?"

"Hapo tu, kwenye majaruba yetu."

"Basi huyu ni mhamiaji. Nileteeni vyeti vya kuzaliwa vya wazazi wake."

Foleni nzima ikacheka, ikidhani anatania. Vyeti vitoke wapi? Mama alizaliwa jikoni kwa bibi, na baba alikuwa amekwisha kufariki. Dada hakulia. Alisema tu, "Mama, twende."

Walirudi pale mara nyingi, wakaambiwa njooni kesho hadi wakachoka. Uuguzi ukaishia hapo. Mwishowe dada alivuka akaishi ng'ambo, na huko nako wakamwita Mtanzania. Mama alikonda. Alijilaumu kwa maneno yake yale hadi ikawa vigumu kumtazama, nami kwa utoto wangu nilimkasirikia, nikiamini kweli mdomo wake ndio uliomponza dada.

Zamu yangu ilipofika, nilipata kitambulisho bila swali hata moja. Nilipomwonyesha mama, alikishika muda mrefu. Nikamuuliza kwa nini mimi hakunizalia shambani.

"Nilikuwa nimeshafunga mzigo," akasema. "Mto ukafurika, mtumbwi ukashindwa kuvuka."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mvua ingechelewa kidogo mwaka ule, mhamiaji ningekuwa mimi.