Yule Mama Aliyekuja Kukagua Kucha

Majina ya darasa letu lote ninayo kichwani mpaka leo, toka la kwanza hadi la mwisho, vile mwalimu alivyokuwa akiyaita asubuhi. Hapa sitayaandika. Wengi wametangulia, na wajukuu wao nasali nao kanisa moja. Nataka tu kueleza kwa nini niliyashika.

Ilikuwa miaka ya sabini, hapa Kakese, wakati serikali ilipotaka kila mtoto aende shule. Tuliingia darasa la kwanza siku moja, mimi tayari msichana wa kupika ugali wa nyumba nzima, mdogo wangu wa kike bado ana pengo mbele. Yeye hakuwa anasikia. Homa ilimshika akiwa na miaka mitano, na ilipomwachia iliondoka na masikio yake. Maneno aliyokuwa ameshayajua alibaki nayo, akiyatamka kwa sauti nzito inayopanda na kushuka.

Mtoto wa jirani, naye hasikii, alirudishwa nyumbani wiki ya kwanza tu, wakasema akawinge ndege kwenye mpunga. Baba aliniita.

"Mwalimu akijua, na huyu atarudi. Wewe ndiye masikio yake. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

Shida ilikuwa kuitwa majina. Mwalimu alitukalisha wakubwa nyuma na wadogo mbele, kwa hiyo nisingeweza kumgusa. Basi jioni nikawa napanga punje za mahindi kwenye ungo, kila punje mtoto mmoja. Namwonyesha: huyu wa kovu, huyu wa kaptula iliyochanika, halafu huyu kijana anayenyoosha mkono juu sana akiitikia. Akishusha mkono, wewe. Siku asipokuja, mwangalie aliye kabla yake. Mwezi haukuisha, akawa anaitikia "Nipo, mwalimu" bila kukosea. Hesabu za ubaoni alitushinda wote. Imla ndiyo ilimtesa. Alichungulia kwa mwenzake, akachapwa, akarudi kukaa.

Watoto walijua, ila hakuna aliyesema. Yule kijana wa mkono alikuwa mtundu, akinitania njiani:

"Dada, mwambie mdogo wako anikopeshe akili ya hesabu, mimi nimkopeshe masikio. Haya yangu kazi yake kuvutwa tu!"

Tulipokuwa darasa la pili akaja mgeni kutoka Mpanda mjini, mama mpole mwenye miwani. Tukasimama.

"Watoto, kuna mwenzenu hasikii vizuri?"

Tukaangalia miguu yetu.

"Nyie, msiogope. Simpeleki mtu polisi."

Wengine wakacheka. Macho yake yakatua kwangu, maana nilikuwa mrefu kuliko wote.

"Wewe mkubwa, hayupo?"

"Hayupo, mama."

Akamwomba mwalimu aite majina, akawa anatutazama mmoja mmoja. Mimi macho kwa yule kijana wa mkono. Ilipofika zamu ya mdogo wangu, mkono wa yule kijana ulishuka tu, naye akasimama. "Nipo, mwalimu." Alikuwa hajawahi kuitikia vizuri vile. Yule mama akatabasamu, akafunga daftari lake, akaenda zake.

Jioni tulichinja jogoo. Baba alinisifu mbele ya majirani. Mdogo wangu akanivuta mkono, akauliza kwa ile sauti yake, "Yule mama alitaka nini?"

Nikamwonyesha vidole vyangu: alikuja kukagua kucha. Akazitazama za kwake, akafurahi.

Mwaka uliofuata tukapata mwalimu mpya. Akaandika orodha upya, wavulana kwanza, wasichana baadaye. Mdogo wangu aliitwa mara tatu amekaa tu, bado anamtazama kijana wake wa mkono, aliyekuwa ameshaitikia zamani. Mwalimu akaona ni kiburi. Alimchapa mpaka nikapiga kelele kutoka nyuma.

"Hasikii, mwalimu! Hasikii!"

Fimbo akaiweka chini mwenyewe. Jioni ile alikuja nyumbani.

"Mzee, kuna shule ya watoto kama hawa. Wanafundishwa kwa mikono. Mwaka jana si walipita kuwatafuta? Hapa wakajibiwa hakuna."

Baba hakuniangalia. Kesho yake alipanda baiskeli mpaka mjini. Huko akaambiwa waliopatikana walishaondoka na treni, na huyu sasa umri umemzidi. Akarudi, akaegesha baiskeli ukutani, akaingia ndani. Hakula.

Mwalimu alimweka mdogo wangu mbele kabisa, pua kwenye ubao, lakini darasa la tatu mengi ni ya kusikiliza. Mpunga ulipoanza kukomaa alikuwa shambani, anawinga ndege.

Mimi niliishia la nne, nikaolewa. Yeye hakuolewa, alibaki na mama. Kila Jumapili kabla ya kanisa alikata kucha kwa wembe, akaninyooshea mikono nione. Uzee ulitukuta hivyo. Kwa hesabu yake, yule mama mwenye miwani angekuja tena, na yeye alitaka akutwe yuko tayari. Sikumwambia ukweli. Mikono yangu ilijua kumwambia kila kitu, bei ya chumvi, nani amejifungua, nani kafa. Hilo moja iligoma.

Siku tulipomwosha kwa mazishi, kucha zilikuwa fupi. Nilizishika mpaka wanawake wenzangu wakasema, "Dada, basi. Tumvike."