Kinyozi na Kikaratasi cha Dawa

Kwa heshima na taadhima, wateja wote wa kiti cha kuzunguka mnatangaziwa kwamba kinyozi wetu ameandikiwa dawa ya kumpunguzia hamu ya pombe, na bado anaitafakari. Wembe anaushika kwa mkono wa kulia, na mkono huo anaushika kwa wa kushoto, usije ukaondoka na sikio la mtu. Kiboksi cha vidonge kimekaa kati ya poda na spiriti, hakijapungua hata kidonge, lakini kikaratasi chake kila mteja lazima asomewe.

"Faida mstari mmoja, madhara ukurasa mzima!" alinisomea juzi, povu likinikaukia shavuni. "Kichefuchefu! Kizunguzungu! Kichwa kuuma! Bosi wangu, hii ni dawa au ni adhabu?"

Mkewe alikuwa kwenye benchi, begi la nguo miguuni, watoto wameshavalishwa viatu vya safari. "Baba watoto, miaka yote unatapika kwenye ndoo yangu ya kufulia. Nyumba inakuzunguka mpaka unaukumbatia mlango. Kichwa ndiyo usiseme. Leo unaogopa nini? Meza, au sisi tunaondoka."

Kinyozi alikitikisa kiboksi sikioni, akakirudisha penye poda, akaushika tena wembe kwa mikono miwili.

"Yale nimeshayazoea, mama watoto."